Thieta ya upasuaji imejengwa, nani atalipia oksijeni ya mwezi ujao?

Upasuaji unaofanyika zaidi barani Afrika ni ule wa kumtoa mtoto tumboni. Katika utafiti wa hospitali 247 za nchi 25 za Afrika uliochapishwa mwaka 2018, upasuaji huo ulikuwa karibu theluthi moja ya operesheni zote. Mkato wake unafahamika, daktari wa wilaya anauweza, na kwa mikono iliyozoea kazi yote huisha ndani ya saa moja. Ndiyo maana unafaa kuwa mfano. Watu wengi wakisikia kwamba huduma ya upasuaji haipatikani, huwaza uhaba wa madaktari bingwa. Uhaba huo upo, tena mkubwa. Lakini ukiifuatilia operesheni moja ya kawaida hatua kwa hatua, utaona kwamba mara nyingi huduma hukwama mahali ambapo daktari yupo, jengo lipo, na utepe ulishakatwa siku nyingi.

Chukua mama mwenye uchungu pingamizi katika kituo cha afya. Mtoto hapiti kwenye nyonga, na mfuko wa uzazi unaendelea kusukuma. Asipopasuliwa, mfuko unaweza kupasuka wenyewe akavuja damu hadi kufa, au mtoto akafia ndani. Akinusurika, huenda kichwa cha mtoto kilikandamiza kibofu kwenye mfupa kwa saa nyingi hadi nyama ikafa, na siku chache baadaye mkojo ukaanza kuvuja bila kukoma. Hiyo ndiyo fistula.

Ili apasuliwe kwa usalama, vitu hivi lazima viwepo kwa pamoja, saa ile ile: umeme usioyumba, maji safi ya bomba au ya tangi, seti ya vifaa iliyotakaswa kwa mvuke, mtu wa kutoa ganzi au usingizi, oksijeni, kipima oksijeni cha kidoleni, mashine ya kufyonza, dripu, dawa ya kuua bakteria, oksitosini ya kuzuia kutokwa damu iliyotunzwa kwenye baridi, nyuzi za kushonea, damu ya akiba, mpasuaji na msaidizi wake, mkunga wa kumpokea mtoto na mfuko wa kumpumulisha, kisha muuguzi wa kumwangalia mama usiku kucha. Kikikosekana kimoja, hivyo vingine havimsaidii mama huyo. Hapelekwi mezani, anapelekwa barabarani.

Ugumu wote wa huduma ya upasuaji duniani umo katika orodha hiyo. Chanjo inaweza kupelekwa kijijini kwenye boksi la baridi, ikatolewa, na kazi ikaisha. Upasuaji hausafirishwi hivyo. Ni hospitali nzima inayofanya kazi kwa wakati mmoja, na lazima iwe hivyo kila siku, hata saa nane za usiku.

Ukubwa wa pengo

Mwaka 2015 tume iliyoundwa na jarida la tiba la Lancet ilikadiria kwamba watu bilioni 5, yaani zaidi ya nusu ya dunia, hawawezi kupata upasuaji na ganzi vilivyo salama, kwa wakati na kwa gharama wanayoimudu. Kati ya operesheni takribani milioni 313 zilizokuwa zikifanyika kila mwaka, asilimia 6 tu zilifanyika katika nchi maskini zaidi, ambazo zina zaidi ya theluthi moja ya watu wote. Upungufu ulikadiriwa kuwa operesheni milioni 143 kwa mwaka. Mwaka huohuo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kwamba upasuaji wa dharura na wa lazima pamoja na ganzi ni sehemu ya afya kwa wote.

Tume iliweka viwango ambavyo nchi zinajipima navyo hadi leo. Mtu aweze kufika, ndani ya saa mbili, kwenye hospitali inayofanya operesheni tatu: kumtoa mtoto tumboni, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukatokeza nje. Operesheni 5,000 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Mabingwa wa upasuaji, usingizi na uzazi wasiopungua 20 kwa kila watu 100,000. Vifo baada ya upasuaji vihesabiwe. Na familia isifilisike kwa ajili ya matibabu.

Hizo operesheni tatu hazikuchaguliwa kwa sababu ni muhimu kuliko nyingine. Hospitali inayoziweza huwa tayari ina karibu kila kitu kinachohitajika kwa ngiri, kidole tumbo, jipu, mimba iliyotunga nje ya kizazi na mengine mengi. Ule muda wa saa mbili nao una sababu yake: mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya muda huo.

Linganisha viwango hivyo na hali halisi. Utafiti ule wa nchi 25 za Afrika ulikuta, kwa kipimo cha kati, operesheni 212 kwa kila watu 100,000, na mabingwa 0.7.

Kufika

Ucheleweshaji huanzia nyumbani, katika uamuzi wa nani aruhusu na nani atoe nauli. Hilo haliondolewi na thieta. Tanzania imejibu sehemu ya tatizo kwa mfumo wa m-mama. Mhudumu wa zahanati au mtu wa familia hupiga 115 bila malipo, mpokeaji simu hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu, na likikosekana huita dereva wa kawaida aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama. Ubora wa mpango huu ni kwamba unatumia magari ambayo tayari yapo. Gari la wagonjwa la halmashauri linahitaji matairi, mafuta na dereva wa zamu ya usiku, na likiharibika wilaya nzima hukosa. Dereva wa kawaida hutengeneza chombo chake mwenyewe kwa kuwa ndiyo ridhiki yake.

Usingizi, na hewa ya kupumua

Hapa ndipo operesheni nyingi hukwama, na ndipo wapangaji wasiofanya kazi thieta husahau. Shirikisho la dunia la wataalamu wa usingizi linapendekeza angalau madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000. Nchi nyingi za Afrika zina chini ya 1. Kwa hiyo kazi hufanywa na wauguzi na matabibu waliosomea usingizi, wengine kwa mwaka mmoja au zaidi, wengine kwa kozi za miezi michache.

Kwa mama wa mfano wetu, njia bora kwa kawaida ni ganzi ya mgongoni. Mtoa ganzi huingiza sindano nyembamba, namba 25 au 27, kati ya pingili za kiuno. Maji angavu ya uti wa mgongo yakidondoka, anaingiza mililita 2 hadi 2.5 za dawa ya ganzi, bupivakeini nzito ya asilimia 0.5. Kwa dakika chache tu mama hasikii maumivu kuanzia kifuani kwenda chini, akiwa macho na anapumua mwenyewe. Inaonekana rahisi, lakini mambo matatu huharibika.

La kwanza, shinikizo la damu hushuka ghafla, kwa sababu mishipa ya miguu na tumbo hulegea na mfuko wa uzazi hulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Ndiyo maana mama huegeshwa upande wa kushoto kama nyuzi 15, kwa kuwekewa kitambaa kilichokunjwa chini ya nyonga ya kulia, dripu ikienda kwa kasi, na dawa ya kupandisha shinikizo, efedrini au fenilefrini, ikiwa imeshavutwa kwenye sindano kabla ya kuanza. Kuitafuta kabatini baada ya mama kuzimia ni kuchelewa. La pili, ganzi inaweza kupanda mno ikadhoofisha misuli ya kupumua. Hapo inahitajika barakoa na mfuko wa kupumulishia, mtu anayejua kuingiza bomba kooni, na oksijeni. Asiyeweza kufanya hayo matatu hapaswi kutoa ganzi ya mgongoni peke yake, hata kama anajua kuchoma sindano vizuri. La tatu ni dogo lakini hutesa wengi: sindano nyembamba zikiisha stoo, hutumika nene. Tundu linabaki kubwa, maji ya uti wa mgongo yanavuja, na mama anaumwa kichwa kwa siku kadhaa kila akikaa kitako kunyonyesha.

Bupivakeini isipokuwepo, kimbilio ni ketamini. Inaondoa maumivu na fahamu huku mgonjwa akiendelea kupumua mwenyewe kwa kawaida, haihitaji mashine ya gesi, na hata umeme ukikatika operesheni inaendelea kwa tochi. Bila ketamini, hospitali nyingi za vijijini Afrika zingefunga thieta. Ndiyo maana mwaka 2015, pendekezo la China la kuiwekea dawa hii udhibiti wa kimataifa kama dawa ya kulevya lilipofika Umoja wa Mataifa, Shirika la Afya Duniani na vyama vya watoa usingizi walilipinga, na likaahirishwa. Mifano ya dawa za maumivu kama mofini ilikuwa wazi: udhibiti ukianza, vibali hurundikana na dawa hutoweka hospitalini kwanza, kisha mitaani, au hata mitaani isitoweke kabisa.

Sasa oksijeni. Mtungi mkubwa wa hospitali hubeba takribani lita 6,800. Ukiutumia kwa lita 5 kwa dakika, unadumu karibu saa 23, yaani mgonjwa mmoja anayehitaji hewa mfululizo anaumaliza kabla ya siku kuisha. Mtungi unapaswa kurudishwa kiwandani kujazwa, na kiwanda mara nyingi kiko mkoa mwingine. Gharama kubwa kwa kituo cha mbali inakuwa lori na mafuta. Mashine ndogo ya kuzalisha oksijeni huchuja hewa ya kawaida na kutoa oksijeni ya asilimia takribani 93, lita 5 au 10 kwa dakika, lakini inataka umeme wakati wote, na kichujio chake cha nje kisipooshwa kila wiki vumbi huziba, injini hupata joto, na chembechembe za ndani zinazonasa naitrojeni huharibika kwa unyevu. Mashine inaendelea kunguruma na taa inawaka, huku inachotoa kikiwa karibu sawa na hewa ya chumbani. Bila kifaa cha kupima oksijeni inayotoka, hakuna atakayejua. Kituo kinachojipanga vizuri huwa na vyote viwili: mashine kwa matumizi ya kila siku, mtungi uliojaa kwa saa ambazo umeme umekatika.

Na mgonjwa lazima apimwe. Mwaka 2010 ilikadiriwa kwamba thieta zaidi ya 77,000 duniani zilikuwa zikifanya kazi bila kipima oksijeni cha kidoleni. Bila kifaa hicho, mtoa usingizi hutegemea kuona midomo ikibadilika rangi, dalili ambayo huchelewa kwa kila mtu na kwa ngozi nyeusi huonekana kwa shida zaidi.

Umeme na mvuke

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani, Benki ya Dunia na wenzao ya mwaka 2023 ilisema watu karibu bilioni moja katika nchi za kipato cha chini na cha kati-chini wanahudumiwa na vituo visivyo na umeme au vyenye umeme usiotegemeka. Kukatika ni nusu tu ya tatizo. Umeme unaorudi kwa kishindo huunguza bodi za mashine, na bodi moja ya mashine ya usingizi inaweza kusubiriwa miezi. Kidhibiti umeme ni sehemu ya mashine. Kikikatwa kwenye bajeti ili kupunguza gharama, gharama inarudi maradufu.

Mtungi wa kutakasia vifaa kwa mvuke una masharti yake: nyuzi joto 121 kwa angalau dakika 15 hadi 30 kutegemea mzigo, au nyuzi 134 kwa dakika 3 hadi 4 kwa mashine zinazovuta hewa kwanza. Muda huhesabiwa kuanzia joto linapofikiwa, sio kuanzia kuwasha. Makosa yanajirudia kila mahali. Vifurushi vinasongamanishwa na mvuke haupiti katikati. Vifaa vinaingia vikiwa na damu iliyoganda kwenye maungio ya mikasi, na mvuke hauui kilichojificha chini ya damu. Vifurushi vinatolewa vikiwa vimelowa kwa kuwa mgonjwa mwingine anasubiri. Kitambaa kilicholowa hunyonya vijidudu kutoka mezani, na seti nzima si safi tena. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi huacha ukoko kwenye vipashio hadi vinaungua. Kuloweka vifaa kwenye klorini, mazoea yaliyobaki sehemu nyingi, huvila taratibu hadi mkasi haukati.

Kituo chenye seti mbili tu za upasuaji wa uzazi kinaweza kupokea mama wa tatu usiku huohuo na kulazimika kusubiri mvuke kwa zaidi ya saa moja. Seti ya tatu na ya nne ni ununuzi wa thamani kuliko vifaa vingi vinavyopigwa picha siku ya kukabidhiwa.

Damu

Uniti moja ina takribani mililita 450, hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 6, na kwa dawa ya kawaida ya kuihifadhi hudumu siku 35. Lazima ipimwe VVU, homa ya ini B na C na kaswende, kisha ilinganishwe na ya mgonjwa. Kituo kidogo kikihifadhi nyingi, zitaisha muda. Kikihifadhi chache, hazitatosha siku ya dharura. Njia inayofanya kazi ni jokofu dogo lenye uniti chache za kundi O, ambazo kabla ya kuisha muda hurudishwa hospitali kubwa zikatumike huko, na mpya kuletwa. Hilo linahitaji mtu, usafiri na daftari linalosomwa.

Akiba nayo hupanda na kushuka. Wanafunzi wa sekondari ni wachangiaji wakubwa Kenya na Tanzania, kwa hiyo shule zikifungwa akiba hupungua. Msimu wa malaria, watoto wenye upungufu wa damu huhitaji nyingi zaidi. Hapo ndugu wa mgonjwa huambiwa wachangie papo hapo, na kama hakuna aliyefuatana na mama, muda unapotea. Dawa ya traneksamiki, gramu 1 kwenye mshipa ndani ya saa 3 tangu damu ianze kutoka, hupunguza vifo vya kuvuja damu baada ya kujifungua, kama ulivyothibitisha utafiti wa mwaka 2017 uliohusisha wanawake zaidi ya 20,000. Lakini haiwezi kuwa badala ya damu.

Nani ashike kisu

Tanzania ilianza kufundisha madaktari wasaidizi mwaka 1963: tabibu mwenye uzoefu alisoma miaka 2 zaidi, akafundishwa na upasuaji wa dharura, kisha akarudi wilayani. Utafiti uliofanyika Mwanza na Kigoma, ukachapishwa 2009, ulikuta kwamba wao ndio waliofanya takribani asilimia 85 ya operesheni kubwa za uzazi, na matokeo yao hayakutofautiana na ya madaktari kwa kiasi cha kutia shaka. Msumbiji ilianza mafunzo ya aina hiyo mwaka 1984. Miaka 7 baada ya kuhitimu, takribani asilimia 88 ya mafundi wake wa upasuaji walikuwa bado kwenye hospitali za wilaya, huku kati ya madaktari waliopelekwa huko hakuna aliyebaki. Nchini Sierra Leone, jaribio lililochapishwa 2021 lililinganisha madaktari na matabibu waliofundishwa kushona ngiri kwa wavu: baada ya mwaka mmoja ngiri ilirudi kwa asilimia 6.9 ya wagonjwa wa madaktari na asilimia 0.9 ya wagonjwa wa matabibu.

Bado wapo wanaoita huu upasuaji wa daraja la pili. Ushahidi hauwaungi mkono, kwa sharti moja: mtu huyo awe na bingwa wa kumpigia simu, anayemtembelea, na kumkagua. Daktari msaidizi aliyeachwa peke yake miaka 10 bila likizo, bila kozi na bila cheo huchoka kama mtu yeyote. Bingwa hachukuliwi nafasi; anakuwa mwalimu wa wilaya tano badala ya fundi wa hospitali moja.

Kwa mabingwa wenyewe, Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao Arusha, hufundisha bila kumwondoa daktari kwenye hospitali za nchi yake. Anajifunza akitibu wagonjwa walewale atakaowatibu maisha yake yote, kwa vifaa vilevile. Ufuatiliaji uliochapishwa 2017 ulionyesha zaidi ya asilimia 80 ya wahitimu walikuwa bado wanafanya kazi katika nchi waliyosomea.

Baada ya kushonwa

Utafiti wa nchi 25 ulikuta kwamba mgonjwa anayepasuliwa Afrika ana uwezekano wa kufa mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa ni kijana zaidi na mara nyingi hana magonjwa mengine. Kati ya waliokufa, asilimia 94 walikufa baada ya siku ya upasuaji. Yaani walitoka thieta wakiwa hai. Walifia wodini, kwa damu iliyovuja polepole au maambukizi yaliyoanza na homa ambayo hakuna aliyeipima, kwa sababu muuguzi mmoja wa zamu alikuwa na wagonjwa wengi kuliko mtu mmoja anavyoweza kuwaangalia.

Watafiti walewale walijaribu suluhisho la bei nafuu. Wagonjwa walio hatarini watambuliwe mapema, walazwe karibu na meza ya wauguzi, wapimwe mara nyingi zaidi, ndugu aruhusiwe kukaa nao. Jaribio hilo lilifanyika katika hospitali zaidi ya 300 na kuchapishwa 2021. Vifo havikupungua. Ni matokeo machungu lakini yanafundisha: kumtambua mgonjwa anayezidiwa hakusaidii kama hakuna mikono ya ziada ya kumhudumia.

Yapo mambo yaliyofaulu. Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19 vinavyosomwa kwa sauti kabla ya ganzi, kabla ya mkato na kabla ya mgonjwa kutoka, ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania. Matokeo yalichapishwa 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo hufa pale inapogeuzwa fomu ya kujazwa baada ya operesheni. Kubadilisha glovu na kutumia vifaa vipya vilivyotakaswa kabla ya kufunga tumbo, kwa wagonjwa zaidi ya 13,000 wa nchi 7 ikiwemo Rwanda, kulipunguza maambukizi ya kidonda kutoka asilimia 18.9 hadi 16. Dozi moja ya dawa ya kuua bakteria ndani ya saa moja kabla ya mkato humlinda mama kuliko vidonge vya siku saba baadaye. Siku saba hizo zinamalizia fedha na kukomaza usugu wa vijidudu.

Vya bure vinavyogharimu

Utafiti wa mwaka 2011 ulikadiria kwamba takribani asilimia 40 ya vifaa tiba katika nchi zenye rasilimali chache, vikiwemo vya msaada, havifanyi kazi. Sababu ni za kawaida: mashine ya volti 110 ikichomekwa kwenye volti 230, vipuri ambavyo mtengenezaji ameacha kutengeneza, mashine inayokubali karatasi au mirija ya kampuni moja tu, na kukosekana kwa fundi wa vifaa tiba. Kununua au kukodi pia hakuponyi tatizo peke yake. Kenya ilianza mwaka 2015 mpango wa kukodi vifaa kwa hospitali 98, zikiwemo mbili kwa kila kaunti. Kamati ya Seneti iliyouchunguza mpango huo ilieleza mwaka 2020 kwamba baadhi ya mashine zilikaa bila kazi kwa kukosa wataalamu, umeme au chumba cha kuziweka.

Kambi za upasuaji za wageni zina historia ndefu kwetu. Shirika la afya la AMREF lilianza 1957 kwa wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walioona kwamba ndege ingewafikia wagonjwa wasiofikiwa na barabara. Kwa midomo sungura au mtoto wa jicho, kambi iliyopangwa vizuri inasaidia kweli. Kwa uchungu pingamizi haisaidii kitu, kwa sababu haungoji kambi ya Agosti.

Ubunifu wa ndani una faida ya kudumu zaidi. Uganda, jaribio la wanaume 302 lililochapishwa 2016 lilionyesha kwamba wavu wa chandarua uliotakaswa hushika ngiri sawa na wavu wa kiwandani, kwa bei isiyofika dola moja badala ya zaidi ya dola mia. Nguo za thieta za kitambaa, zinazofuliwa na kutakaswa tena, ambazo hospitali zetu zilikuwa zikionewa aibu, sasa hospitali za Ulaya zinazirudia ili kupunguza taka. Na gesi ya usingizi ya desflureni, ambayo huduma ya afya ya Scotland iliiacha mwaka 2023 kwa sababu inaongeza joto la dunia, haina sababu ya kuanza kununuliwa huku.

Fedha

Tume ya 2015 ilikadiria kwamba watu milioni 33 kwa mwaka huingia kwenye gharama za kufilisi kwa kulipia upasuaji na ganzi, na wengine milioni 48 kwa nauli, chakula na malazi. Idadi ya pili ndiyo kubwa, na sera nyingi hazitazami upande huo. Huduma ya uzazi inaweza kuwa bure kwenye tangazo, lakini ndugu wakanunua nyuzi, glovu na dripu duka la mbele ya geti, na mtu wa kumhudumia mama akaacha shamba wiki mbili. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ililielewa hilo mapema: kuanzia 2009 ilituma nauli kwa M-Pesa kwa wanawake wenye fistula ili wafike hospitali, kwa kuwa matibabu ya bure hayamfai asiye na nauli ya basi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya Tanzania ya mwaka 2023 itapimwa na jambo moja katika upasuaji: kama kiwango inachokirudishia kituo kwa operesheni moja kinafikia gharama ya vitu vilivyotumika. Kikiwa chini, kila operesheni inakiingizia kituo hasara, na mganga mfawidhi mwenye busara ataanza kutoa rufaa kwa wagonjwa ambao angeweza kuwatibu.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na dawa zikikosekana Bohari ya Dawa, kituo kinaweza kununua kwa mshitiri wa mkoa, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa. Hiyo ni nafasi ambayo wilaya nyingi hazijaitumia vya kutosha kwa thieta. Halmashauri inayotaka kufungua chumba cha upasuaji iandike kwenye bajeti ya kila mwaka, kabla ya kuandika jengo: mitungi mingapi ya oksijeni kwa mwezi na lori la kuibeba, mafuta ya jenereta kwa saa halisi za kukatika umeme zilizohesabiwa mwaka uliopita, sindano namba 25 na bupivakeini kwa idadi ya operesheni inayotarajiwa, pamoja na robo ya ziada, vichujio, mipira ya mlango wa mtungi wa mvuke na vipashio vya akiba, mshahara wa fundi wa vifaa tiba na pikipiki yake, watoa usingizi wawili kwa uchache, ili mmoja aweze kulala, na posho ya muuguzi wa pili wa zamu ya usiku wodini. Jumla yake ikizidi kinachoweza kulipwa, fedha za jengo zipelekwe kwenye gari, simu na barabara ya kwenda hospitali ya wilaya iliyo karibu, ambako vitu hivyo tayari vipo.